Mswaki wa Bibi Uliochomekwa Makutini

Juma lililopita binti wa jirani yangu hapa Kibiti, anayesomea uuguzi, alinijia uani na mswaki mkononi. Akanipa shikamoo yake, akanizungusha kwanza na habari za mvua na bei ya ufuta, mwisho ndipo akalitoa la moyoni. Kila akisugua meno anatema damu. Alinunua na ule uzi wa meno kule Ikwiriri, akaupitisha mara moja tu, damu ikamjaa kinywani, akautupa. Nikamuuliza, sasa unafanyaje? "Nimezipumzisha fizi, babu," akanijibu. "Nimeacha mswaki mpaka zipone."

Nilicheka, halafu nikaacha. Neno hilo la kupumzisha nimekua nalo, nimekula nalo, na nusura nizeeke nalo. Yeye nilimjibu siku ile ile. Lakini ninyi wengine mnaoanza kazi za afya, na ninyi ambao hamna kazi yoyote ila meno mnayo, kaeni kidogo niwasimulie. Msinitake nianzie mwanzo niishie mwisho, maana mzee akikumbuka huokota kinachomjia mkononi.

Mimi nilikuwa Bwana Meno. Palikuwa na Bwana Shamba, palikuwa na Bwana Afya, na mimi. Cheo changu cha kwenye barua kilikuwa msaidizi wa tabibu wa meno, lakini nani angekuwa na muda wa kukitamka chote hicho? Watoto walinikimbia njiani, na mama zao waliwatisha kwa jina langu wakikataa kuoga. Chumba chetu kilikuwa na kiti kimoja cha chuma, dirisha moja, jiko la mafuta ya taa la kuchemshia vyombo, na koleo ambazo tabibu wangu, Mzee Salehe, alizipanga juu ya kitambaa cheupe kwa mpango wake mwenyewe. Ole wako uiweke ya magego mahali pa ile ya mbele. Hakufoka. Alikutazama tu, nawe ukajiona mjinga mpaka jioni.

Mzee Salehe alikuwa mfupi, mkavu, mchache wa maneno, na hakupenda kung'oa. Alisema kung'oa ni kukubali kwamba umeshindwa. Kabla hajaniruhusu kushika koleo, alinikalisha miezi nikitazama fizi tu. Mgonjwa akifunua kinywa, ananiita: njoo uone, hapa ufizi umeshika jino vizuri, hapa umevimba, unang'aa, ukiugusa unatoa damu. Mimi nilidhani ananinyima kazi. Kumbe alikuwa ananipa kazi yenyewe.

Alinieleza kwa nyumba zetu hizi za nguzo na udongo. Jino ni nguzo, akasema, na ufizi ni udongo wa shimo lake. Watu wanaitazama nguzo, wanausifu weupe wake, na mchwa yuko chini. Chakula kinapobaki pale jino linapokutana na ufizi, kinatengeneza utando laini, ukipitisha ulimi unausikia. Ndani ya utando ule mna vidudu. Ufizi ukichokozwa navyo unavimba, damu inajaa karibu na ngozi, na ngozi yenyewe inakuwa laini, kwa hiyo mswaki ukipita tu, damu inatoka. Ukiuacha utando, unagandamana na kuwa ugaga, mgumu, wa manjano, na huo hautoki tena kwa mswaki mpaka aje mtu mwenye chombo akaukwangue. Ugaga ukishuka chini ya ufizi, udongo unaliwa, nguzo inaanza kucheza.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wote hukosea. Mswaki haukuleta damu, umeikuta. Ufizi unaotoka damu unaomba kusafishwa, hauombi kupumzishwa. Mzee Salehe alinambia hivyo si mara moja, si mara kumi. Nami nikaitikia ndiyo tabibu, ndiyo tabibu, kama kasuku.

Nimesema nilikua na lile neno. Alinilea bibi yangu, mama yake baba, kule Mtawanya. Mama yangu alifariki ningali sijaota meno, na bibi aliniita mume wangu, kama bibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kiume, lakini huyu aliuchukua utani ule akaufanya maisha. Nikichelewa kutoka shuleni anauliza mke gani mwingine amenipikia. Nikivunja mtungi anasema atanidai talaka. Mpaka leo nikisikia mwanamke mzee akimwita mjukuu wake mume wangu, najikuta nimegeuka.

Nyumba ya bibi ilikuwa na sharti moja ambalo sikuliona kwingine. Miswaki yetu ilikuwa ya mti, unakata kijiti, unatafuna ncha mpaka nyuzi zake zinalegea. Siku ukitema damu, bibi anakunyang'anya mswaki, anaufunga kwa ukindu ule anaosukia mikeka, anauchomeka juu kwenye makuti ya baraza. Hauguswi mpaka damu ikauke yenyewe. Inaweza kuwa siku tatu, inaweza kuwa mwezi. Sisi watoto tulifurahi, maana nani hapendi kusamehewa kazi? Wageni wakiuliza vile vijiti makutini ni dawa ya nini, bibi anasema vimepumzika.

Nilipokwisha kuajiriwa, nikawa na shati la kazi na baiskeli, nilikwenda kumsalimia mwezi wa mavuno. Nikaona mswaki wake umechomekwa. Akanifunulia kinywa bila kuombwa, kwa fahari, maana mume wake sasa ni tabibu. Fizi za mbele chini zimevimba, nyekundu, ugaga umezunguka meno yote. Mimi nilikijua nilichokiona. Nilikijua kama ninavyolijua jina langu. Akaniuliza, "Nimezipumzisha. Nimefanya vizuri, mume wangu?"

Nikamwambia umefanya vizuri.

Mtaniuliza kwa nini. Nami nimejiuliza miaka yote hii. Nadhani mbele yake sikuwa Bwana Meno, nilikuwa yule mtoto anayenyang'anywa mswaki. Niliona uzito kumwambia mwanamke aliyenilea kwamba amekosea tangu ujana wake. Nikaona tutakula vizuri, tutacheka, nitaondoka, na siku nyingine nitamwambia. Ile siku nyingine nikaiahirisha, ikaja na kupita, mavuno yakaja mengine.

Mavuno hayo mengine alikuwa ametwanga pepeta, ule mpunga mbichi unaokaangwa ukapondwa ukawa bapa. Hakuna kitu bibi alichokipenda kama pepeta. Zamani tulikuwa tunashindana kutafuna, na alikuwa ananishinda. Mwaka ule alinisogezea ungo wote akasema ameshiba. Nikamwambia hujala kitu. Akacheka akiziba mdomo kwa upande wa kanga, na bibi yangu hakuwa mtu wa kuziba mdomo. Nikauondoa mkono wake polepole. Meno mawili ya mbele chini hayapo, la tatu linacheza. Akasema yalitoka yenyewe, hayakumuuma, nisihuzunike, kuna watu wanaweka ya bandia. Mimi nikamjibu jino la pembe si dawa ya pengo, akacheka tena, nami nikacheka, na ile pepeta nikaimeza bila kuitafuna.

Lakini hata hapo sikusema. Mjue mtu niliyekuwa.

Aliyenifungua mdomo alikuwa mkata boriti wa huko deltani, mto unapoingia baharini. Mzee Salehe alinituma visiwani na mtumbwi wa injini, nikakague meno ya watu. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani. Nikawakuta wakata boriti wamepumzika kambini, matope ya mikoko mpaka magotini, nikaanza kuwahutubia. Wengi wao walikuwa wameacha mswaki mwezi mzima, wakiogopa damu ya fizi isije ikateremka kooni ikawafungulisha saumu. Nikawaambia suala la kufungua wamuulize mwalimu wao, lakini baada ya kufuturu na kabla ya kula daku hakuna wa kuwazuia. Sugueni wakati huo, kwa upole, mkijali pale jino linapoingia kwenye ufizi. Nikasema kwa madaha, mikono nyuma.

Mzee mmoja wao, mweusi tii, akanambia, "Bwana Meno, funua kinywa na wewe tukione."

Nikafunua. Ningekataaje? Akachukua kijiti kisafi, akakiponda ncha kwa jiwe, akakisafisha kwa maji ya dumu, akanipa mbele ya wote. Nikasugua. Nikatema juu ya tope, na tope lile lilikuwa la kijivu, damu ikaonekana vizuri sana. Wakacheka mpaka wengine wakashika matumbo. Mganga hajigangi, akasema mmoja. Kumbe mimi mwenyewe, tabibu mzima, kila fizi zangu zikitoka damu nilikuwa naweka mswaki wangu kando siku kadhaa, bila hata kufikiri, kwa sababu mkono wa bibi ulikuwa bado unaninyang'anya.

Nikarudi Kibiti nikamweleza Mzee Salehe yote, na ya bibi pia. Hakunilaumu. Alinitazama vile anavyotazama koleo iliyowekwa pasipo pake. Halafu akafungua kabati, akanipa chombo cha kukwangulia ugaga, akaniandikia ruhusa ya siku kumi, akasema nisirudi na sababu.

Nikafika Mtawanya asubuhi, baada ya sikukuu. Bibi yuko barazani anachana ukindu. Mswaki wake uko juu, umefungwa. Nikakaa chini kwenye mkeka na sikumzungusha. Nikamwambia bibi, nilikudanganya. Uliponiuliza kama umefanya vizuri, hukufanya vizuri, nami nilijua. Kupumzisha ndiko kumeyaangusha meno yako, na yaliyobaki yatafuata. Nikamwomba anisamehe.

Aliendelea kuchana ukindu kwa muda. Kisha akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kunisimulia, na mimi nimelala kwenye kitanda chake tangu nikiwa mchanga.

Alikuwa mtoto wa miaka kama minane vita vya Maji Maji vilipofika. Baba yake alikwenda kuchukua maji ya dawa, yale yaliyosemwa yatageuza risasi za Wadachi ziwe maji, na hakurudi. Askari wakaja, wakachoma ghala, mpunga na mtama, wakachoma na mbegu. Yeye na mama yake wakakimbilia porini, wakaishi kwa kuchimba ndiga, ile mizizi ambayo usipoiloweka siku nyingi inakuua. Hapakuwa na tunda, hapakuwa na mboga, mvua ilikataa. Watu wakaanza kuvimba fizi. Zikawa kama maini, akasema, na damu ilitoka hata mtu akiwa amelala tu. Waliotoka damu hivyo hawakukaa siku nyingi.

Asubuhi moja yeye mwenyewe akasugua meno, akatema nyekundu. Mama yake akaona. Akauchukua ule mswaki mkononi mwa mwanawe, akaukunja kwenye upindo wa nguo yake.

"Akanambia, mwanangu, pumzisha. Hiyo damu tunaihitaji. Usiuguse mpaka nikwambie."

Bibi akaendelea kusimulia. Mama yake alikufa kabla mvua hazijanyesha. Yeye aliokotwa na shangazi yake, wakarudi, watu wakapanda tena, zikaota mboga, fizi zake zikapona zenyewe. Akawa mwanamwali, akaolewa, akazaa. Lakini kila alipoona damu kwenye mswaki aliuweka chini, akangoja. Akawafanya watoto wake nao wangoje, na wajukuu.

"Alisema mpaka anambie," bibi akasema. "Hakunambia."

Vijana, nimekaa na wagonjwa maisha yangu yote, na nawaambia wazi: mtu akikataa unachomfundisha, usikimbilie kusema ni ujinga. Muulize aliambiwa na nani. Mimi nilijiona nabishana na ushamba, kumbe nilikuwa nimekaa mbele ya mtoto wa miaka minane ambaye mama yake ametoka mara moja na hajarudi.

Nilijua tu kwamba mama yule hakukosea kwa alivyoona. Njaa ile, ya kukosa majani mabichi na matunda, inabomoa ufizi kutoka ndani, na mswaki usingeponya kitu. Aliona damu ya mwanawe inamwagika, akafanya kile alichoweza. Kosa halikuwa lake. Kosa ni kwamba njaa ilikwisha na hapakuwa na mtu wa kulitangua neno lake.

Nikasimama. Nikamwambia, "Bibi, mimi ni damu yake. Nakwambia kwa niaba yake. Njaa imekwisha. Chukua mswaki."

Akaniuliza kama kweli imekwisha. Nikamwambia ndiyo. Akatazama ghala lake pale uani, akatazama mchicha nyuma ya nyumba, akatazama mchungwa. Kisha akanambia niuteremshe, mkono wake haufiki tena.

Ule wa makutini ulikuwa umekauka, nikamkatia mpya. Nikamtafunia ncha mwenyewe mpaka ikawa laini, maana mswaki mgumu unachubua. Nikamwonyesha: usisugue kama unasugua sufuria. Weka pale jino linapoanzia, zungusha kidogo, shuka. Tukachukua uzi wa kushonea, nikaukunja mara mbili, nikaupitisha katikati ya meno. Uzi hauangushwi kwa nguvu na haukerezwi kama msumeno, unateremshwa polepole, unaukumbatisha jino, unapanda nao. Damu ilipotoka akanishika kiganja, akakibana. Sikumwachia. Akaendelea.

Nikamkwangua ugaga siku tatu, kidogo kidogo, akiniuliza kama hata wakwe zangu watafanyiwa hivi. Siku ya nne damu ilikuwa bado ipo. Ya sita ilipungua. Na ninyi mtakaowafundisha watu, waambieni hili: siku za kwanza damu itatoka, wasitishike, wasiache. Ikipita wiki mbili na haijakoma, basi waje hospitali, huenda ni ugaga, huenda ni sukari, huenda ni ujauzito unaozifanya fizi ziwe laini, mtu aangaliwe. Bibi alisikiliza yote hayo, kisha akasema ujauzito si wake, labda wangu.

Siku ya tisa alitema kwenye bakuli jeupe la bati. Maji safi. Alilishika bakuli lile muda mrefu, akiligeuza upande wa jua.

Akasema, "Nikimkuta mama nitamwambia damu ilikata."

Halafu, alipokwisha kufuta macho, akarudi kwenye utani wake. Alisema nilimhurumia nikanyamaza, na mama yake alimhurumia akamkataza, na huruma zetu sisi wawili zimemmalizia meno. Ni maneno ya kuchekesha, lakini yameniingia nami sijayatoa. Tangu siku ile sijawahi kumnyamazia mgonjwa kwa huruma, hata mwenyekiti wa kijiji, hata mkwe.

Lile jino la tatu halikupona, lilitoka. Mengine yakashika. Aliishi mavuno mengine kadhaa, na pepeta alikula, kwa upande, taratibu, akijidai ananishinda. Alipofariki, kabla hawajaezua ile nyumba, nilipanda juu ya kiti nikapapasa makutini. Sikukuta kijiti hata kimoja. Nilitamani nikute. Nyumba yenyewe sasa haipo, baraza haipo, Mzee Salehe amekwenda, na chumba chetu wamekivunja wakajenga kingine chenye kiti kinachopanda na kushuka kwa umeme. Kizuri sana. Nilikalishwa juu yake mwaka jana kama mgonjwa, daktari kijana akaniita mzee wangu, akasema fizi zangu ni nzuri, nani alinifundisha? Nikamtajia Mzee Salehe na bibi yangu.

Binti wa jirani alikuja tena jana. Anasema bado inatoka damu, ila kidogo, aendelee? Nikamwambia aendelee. Naona siku zangu mimi zimekwisha kuwa chache, na kuna watoto wanaongoja mahali fulani, mswaki umefungwa, kwa sababu aliyewakataza hakurudi kuwaruhusu. Sitaki niondoke sijasema. Teremsheni miswaki yenu. Nimewaambia.